Panya amepona, mama je?

Kila unapotoka utafiti kwamba dondoo la jani fulani, yaani kemikali zilizotolewa ndani yake, limeshusha sukari ya panya wenye mimba, mabishano huwa yale yale. Upande mmoja unauliza kwa nini wajawazito wenye kisukari cha ujauzito, kile kinachoanza wakati wa mimba, waendelee kujidunga insulini ilhali dawa inaota ardhini. Upande wa pili, wa madaktari na wakunga, unajibu kwa neno moja tu: usinywe. Neno hilo huchukuliwa kuwa dharau kwa mitishamba. Kwa maoni yangu, hawa wa pili ndio wanaoeleweka vibaya, ingawa kwa kiasi fulani wamejitakia wenyewe.

Haki ya mitishamba kwanza. Metformini, kidonge ambacho wajawazito wengi wenye kisukari huandikiwa, ina asili yake katika Galega officinalis, mmea uliotumiwa Ulaya tangu zamani. Ndani yake mna galegini, inayoshusha sukari kweli, ila ina sumu. Mwaka 1922 wanakemia waliunda jamaa yake, metformini, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Kwa hiyo anayesema mimea haina kitu hajui kabati la dawa la hospitali yake lina nini. Lakini iangalie safari yenyewe: miaka 35 kutoka maabara hadi kwa mgonjwa, na jaribio kubwa lililoilinganisha na insulini kwa wajawazito 751 likachapishwa mwaka 2008. Hata hapo, karibu nusu ya waliopewa metformini walilazimika kuongezewa insulini. Hiyo ndiyo dawa ya mmea iliyofaulu mtihani.

Sasa tumrudie panya. Katika tafiti nyingi hudungwa streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mama mwenye kisukari cha ujauzito hayuko hivyo. Kongosho lake linafanya kazi, tena kwa bidii kuliko kawaida. Tatizo ni homoni za kondo la nyuma zinazoufanya mwili wake uisikie insulini kwa shida, na kongosho likashindwa kufikia mahitaji mapya. Dondoo linalolinda kongosho lililopigwa sumu limejibu swali ambalo mama huyu hakuuliza. Halafu kuna thalidomaidi, dawa ya usingizi na ya kichefuchefu cha mimba, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957 na kuondolewa sokoni kuanzia mwaka 1961, na iliyofanya watoto wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 10,000 kuzaliwa na ulemavu. Panya huistahimili dawa hiyo kuliko binadamu. Ushahidi wa panya peke yake, kwenye suala la mimba, unaweza kutuponza.

Lakini hoja ambayo mimi hainitoki kichwani ni nyingine, tena haina kemia ndani yake. Kati ya wanawake 100 wenye kisukari cha ujauzito, 70 hadi 85 hufikia kiwango kizuri cha sukari kwa kubadili mlo na kuutembeza mwili tu. Wape wote 100 dondoo lolote, hata maji yaliyotiwa rangi, na wengi watatoa ushuhuda. Chukua mama aliyegunduliwa juzi. Ana daftari lake, kila asubuhi anachoma kidole kabla ya kula: 5.6, 5.7, 5.5, wakati lengo ni chini ya 5.3 (milimoli kwa lita). Anaanza kunywa dondoo. Wiki hiyo hiyo ameacha soda, amepunguza wanga wa jioni, anatembea nusu saa baada ya chakula. Baada ya siku kumi daftari linasoma 5.0. Nani kaishusha? Ukimuuliza, atakutajia dondoo, kwa sababu kuacha soda hakuna ladha chungu ya kukumbukwa. Isitoshe, kwa wengi ugonjwa wenyewe huondoka kondo linapotoka. Dawa yoyote inayonywewa mpaka siku ya kujifungua itaonekana imeponya.

Na tumboni kuna mgonjwa wa pili asiyeulizwa. Insulini hupendelewa hasa kwa sababu haivuki kondo kwa kiasi cha kujali, ilhali kemikali ndogo ndogo za mimea nyingi huweza kuvuka. Berberini, kemikali ya mimea iliyo kipenzi cha tafiti hizi, inaweza kuibandua bilirubini, ile rangi ya manjano ya damu, kutoka kwenye protini inayoibeba katika damu, na bilirubini iliyozidi kwa mtoto mchanga inaweza kumdhuru ubongo. Singapore ilipiga marufuku mitishamba yenye berberini mwaka 1978. Kwa uadilifu niseme pia kwamba baadaye marufuku hiyo ililegezwa. Uwatu nao, mama akiunywa karibu na uchungu, unaweza kumpa mtoto harufu tamu tamu inayofanana na ya ugonjwa mmoja adimu wa kurithi, na wauguzi wakaanza kuhangaika bure.

Kipimo je? Dondoo la maji na la alkoholi hutoa kemikali tofauti kutoka jani lile lile, na jani la masika si la kiangazi.

Ila walio upande wa tahadhari wana kosa lao. "Usinywe" bila maelezo haimzuii mtu, humfundisha kuficha. Anayeficha ndiye aliye hatarini, maana daktari akipandisha insulini bila kujua kuna kingine kinachoshusha sukari, mama anaweza kuanguka kwa sukari kupungua mno. Tena majaribio mengi ya dawa huwaacha wajawazito nje kwa jina la usalama, kisha ukosefu wa ushahidi unageuzwa sababu ya kukataa. Hilo halikubaliki. Dondoo lenye dalili nzuri lipimwe sawasawa: kipimo kimoja kisichobadilika, mlo ule ule kwa wote, nusu wapewe kisicho na dawa, na tuangalie uzito wa mtoto na sukari yake saa chache baada ya kuzaliwa, si kidole cha mama peke yake.

Wakati tunasubiri, lile daftari lina safu mbili, ya saa na ya sukari. Mkunga achore ya tatu, aandike juu yake "umekunywa nini?", na mama atakapoijaza, asikunje uso.