Mauzo ya kompyuta sio tabasamu na suti tu

Nimesoma hii habari ya dada aliyeanza mapokezi mpaka kawa meneja mauzo wa kampuni ya kompyuta, hongera zake, ila mwandishi kaandika kama vile kazi yenyewe ni tabasamu na suti jamani. Mi nipo Tanga hapa, mwaka wa sita nauza programu za maduka na mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, nilianza sijui hata kuchomeka printa. Siku ya kwanza Ngamiani naingia duka la hadiwea, mzee kaniangalia weee, akauliza "fundi yuko wapi binti yangu?" nikamwambia shikamoo baba, fundi ndo mimi, nikaweka laptop juu ya mfuko wa saruji hapohapo tukaanza kuingiza stoku. Sasa misumari yeye anauza robo kilo na nusu kilo, programu inataka namba kamili tu, ikabidi nigeuze yote iwe gramu, na bei zake zina VAT ndani ile asilimia 18, tumemaliza saa mbili usiku nanuka rangi ya mafuta. Alilipa, tena kaniletea na shemeji yake wa Muheza. Kinachouma ni kamisheni, ofisi niliyoanzia ukishampata mteja mkubwa anapewa kaka mmoja eti "amsimamie", yeye anakula asilimia kila mwaka mteja akilipia upya leseni ya kutumia programu, we unarudi juani kutafuta wengine, na hilo kwenye habari halipo kabisa. Wadada mnaoingia huku msiulize mshahara tu, ulizeni kamisheni ya leseni ni ya nani na iandikwe kwenye mkataba. Mi niliuliza nishachelewa.