Ikweta mbili kwenye chati moja: Gutiérrez alikosea wapi?

Mwaka 1544 na 1545, wataalamu wa Casa de Contratación pale Sevilla, ofisi ya mfalme iliyosimamia safari za Amerika, walishikana mashati kwa ajili ya chati, yaani ramani za baharini, za mchoraji Diego Gutiérrez. Chati hizo zilikuwa na vipimo viwili vya latitudo, kimoja upande wa Hispania na kingine upande wa Karibi, vikipishana kama digrii 3. Kwa hiyo ikweta zilikuwa mbili.

Pedro de Medina, mtaalamu wa ubaharia, na wenzake walizipinga vikali, na hoja yao ilikuwa na uzito. Dunia ina ikweta moja. Chati zote zilitakiwa kunakiliwa kutoka Padrón Real, ramani-mama iliyoagizwa mwaka 1508, na mpaka wa Tordesillas, mstari wa mkataba uliogawa nchi mpya za ng'ambo kati ya Hispania na Ureno, hauwezi kutetewa kwa ramani iliyopinda. Tena Gutiérrez alikuwa mfanyabiashara wa chati. Si shahidi asiye na maslahi.

Ila tumtazame rubani wa meli akiwa na bikari na dira yake, basi. Sindano ya dira haielekei kaskazini halisi kila mahali. Columbus alishaliona hilo mwaka 1492 katikati ya Atlantiki. Ikiinama kuelekea magharibi, rubani anayedhani anakwenda magharibi moja kwa moja anateremka kusini bila kujua. Kutoka Kanari hadi visiwa vya Karibi ni kilomita 4,500 na zaidi. Digrii 3 za latitudo ni kilomita 330 hivi, na ili upotee kiasi hicho katika safari hiyo, unatosha mwinamo wa digrii 4 tu! Huo ni upana ambao jicho halijali kwenye uso wa dira. Kilomita 330 zinatosha kukikosa kisiwa kizima usiku.

Nani basi aliyechora uongo? Kwenye ramani ya Juan de la Cosa ya mwaka 1500, Kuba iko kaskazini ya Tropiki ya Kansa, ilhali kwa kweli iko kusini yake. Mwinamo wa dira ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Gutiérrez aliacha pwani zikae pale dira ilipozipeleka, kisha akasahihisha kipimo cha latitudo cha upande wa Karibi. Rubani akapata mwelekeo na latitudo, vyote viwili. Medina naye, katika kitabu chake cha ubaharia cha mwaka 1545, alikana kabisa kwamba sindano huinama. Usahihi wake ulisimama juu ya kukanusha jambo ambalo mabaharia waliliona kwa macho.

Chati za vipimo viwili zilipigwa marufuku. Chati za leo huchapa waridi la dira, yaani mchoro wa pande za dunia, lenye duara mbili, la kaskazini halisi na la sumaku, pamoja na mwaka wa kipimo, kwani mwinamo hubadilika. Hapo ndipo dawa ya Gutiérrez ilipopungukiwa: digrii 3 zilizofaa kwa marubani wa wakati wake zisingewafaa wajukuu wao.