Mashine inayozunguka vizuri inafunguliwa ya nini?

Desemba ikikaribia, mabishano ni yaleyale katika viwanda vingi vya Dar es Salaam, kuanzia Chang'ombe na Keko hadi Mikocheni na kandokando ya Barabara ya Nyerere. Uzalishaji utasimama wiki moja au mbili. Meneja anataka kila pampu, kila mota na kila giaboksi ifunguliwe, beringi zitolewe, sili zibadilishwe, mwaka uanze na vitu vipya. Mbele yake amesimama fundi mkuu, mara nyingi mtu mzima aliyezeeka na mashine hizo, anasema: "Bosi, hii tusiiguse, inakwenda vizuri." Hapo ndipo anapoitwa mvivu.

Neno hilo linaniuma, kwa sababu nami nimewahi kulitumia. Miaka kadhaa iliyopita, katika kiwanda kimoja cha vinywaji, nilisaini orodha ya kufungua kila kitu. Ndani yake kulikuwa na pampu ya maji ya kupoozea iliyokuwa imezunguka miezi ishirini bila kelele. Tuliifungua, tukaweka beringi na sili mpya, tukaifunga. Siku ya tatu ya uzalishaji sili ikavuja, siku ya tano beringi zikaanza kulia. Tulipoifungua tena tulikuta alama za nyundo kwenye pete ya ndani ya beringi: iligongwa ili iingie kwenye shafti badala ya kupashwa moto kwanza. Beringi ya zamani, nzima kabisa, ilikuwa bado iko juu ya benchi la karakana.

Tunaoamini kalenda, yaani kufungua mashine kwa tarehe bila kungoja dalili, tunaongozwa na picha moja ya kichwani: mashine ni kama kiatu, inalika taratibu mpaka siku yake inafika, kwa hiyo ukiiwahi kabla ya siku hiyo umeokoka. "Kinga ni bora kuliko tiba" tumeisikia tangu shuleni. Picha hiyo ni kweli kwa kiatu. Kwa sehemu kubwa ya vifaa vya kiwandani, ushahidi wake ni mwembamba kuliko tunavyodhani.

Waliolipima jambo hili kwa kina walikuwa watu wa ndege. Mwaka 1978, Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la United Airlines waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti juu ya namna vipuri vya ndege vinavyoharibika. Walikuta kwamba ni asilimia 11 tu ya vipuri walivyovichunguza vilivyoonyesha dalili ya kuchoka kwa umri. Asilimia 89 havikuwa na umri ambao ungeweza kusema, hapa ndipo pa kubadilisha. Na asilimia 68 vilifuata mkondo mmoja wa ajabu: hatari ya kuharibika ilikuwa kubwa pale kifaa kilipofungwa tu, kisha ikashuka na kutulia.

Nimeikalia asilimia hiyo 68 kwa muda mrefu. Haisemi kwamba vifaa vipya ni vibovu. Inasema kwamba kifaa kina utoto wake, na vifo vingi viko huko: sili iliyokaa upande, nati iliyokazwa kupita kiasi, uchafu ulioingia na grisi, waya uliorudishwa vibaya, spea feki iliyonunuliwa kwa haraka mtaani kwa sababu halisi ingechukua wiki sita kufika. Pampu yetu ilikuwa imeshauvuka utoto huo. Sisi tukairudisha kwa mikono yetu, tena tukailipia. Waingereza waliliona jambo linalofanana na hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili: kikundi cha wanasayansi akiwemo C. H. Waddington kilichunguza ndege za doria za baharini, kikakuta matengenezo ya dharura yakiongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba, halafu yakipungua kadiri ndege ilivyoendelea kuruka.

Na watu wa ndege za abiria hawakuishia kwenye karatasi. Ndege ya DC-8 ilikuwa na vipuri 339 vya kufanyiwa ukarabati mkubwa kwa ratiba. DC-10, iliyokuja baada ya fikra hizi kukubalika, ilikuwa na saba.

Msomaji makini atasema kiwanda cha Tabata si ndege, na ana haki. Jeshi la majini la Marekani lilipofanya uchunguzi wa aina hiyo kwenye meli zake mwaka 1982, vifo vya utotoni vilikuwa asilimia 29 badala ya 68, na vifaa vyenye dalili ya uzee vilipanda hadi asilimia 23. Chumvi na maji vinakula chuma, na sisi tunaishi na upepo wa bahari. Anayefanya kazi Kurasini au Kigamboni hahitaji kuambiwa kutu ni nini. Lakini tuisome vizuri hesabu hiyo. Hata katikati ya bahari, zaidi ya robo tatu ya vifaa havikuwa na tarehe ya kufa ambayo kalenda ingeweza kuibashiri.

Beringi inafundisha hili kuliko kitu kingine. Saa za maisha zinazokokotolewa kwa katalogi ya mtengenezaji ni saa ambazo beringi 90 kati ya 100 zinatarajiwa kuzifikia au kuzipita. Kwa wastani, beringi hudumu mara tano hivi ya saa hizo. Ukizibadilisha zote ifikapo saa hiyo, unatupa tisini nzima, na zile kumi ulizotaka kuziwahi zimeshakufa kabla. Kinachoziua mapema ni kingine: kwa beringi za gololi, mzigo ukiwa maradufu maisha hushuka hadi moja ya nane. Mkanda uliokazwa mno, au shafti mbili zisizolingana kwenye kapulingi, yaani kiungo kinachoziunganisha, huongeza mzigo wa namna hiyo kimyakimya. Beringi mpya kwenye shafti iliyopinda ni pesa iliyotupwa.

Upande wa kalenda, hata hivyo, una mahali pake, na si padogo. Kuna vitu vinavyolika kweli kama kiatu: nyundo za mashine za kusaga, mipira ya hidroliki, vichujio, matofali ya ndani ya tanuru la saruji kama yale ya Wazo Hill. Vina umri, na umri huo unajulikana. Kuna boila, ambayo sheria ya usalama na afya mahali pa kazi inataka ikaguliwe kwa vipindi, na ni sawa, kwa sababu boila ikikosea haisubiri mtu apime. Kuna pia vifaa vinavyokufa bila kusema: pampu ya zimamoto, valvu ya usalama, jenereta la akiba. Hivi havizunguki kila siku, kwa hiyo ubovu wake hauonekani mpaka siku vinapohitajika. Hapa kalenda haina mbadala. Bila tarehe ukutani, hakuna atakayeliwasha jenereta hilo.

Hoja yao yenye nguvu zaidi, kwangu, ni ya nidhamu. Nimeona madaftari ya zamu yaliyojazwa joto la mota kwa wiki nzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, kila siku nyuzi 62. Fundi asemaye "tuisikilize mashine" halafu asiisikilize, amemwacha meneja bila kalenda na bila taarifa. Meneja huyo akirudi kwenye kufungua kila kitu, siwezi kumlaumu sana.

Ila fundi wa kweli, ninayemtetea hapa, hakai. Anapita na bisibisi ndefu, ncha kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni. Anapima joto kwa kipimo cha mkononi, na mahali palipo na kifaa anapima mtetemo. Anaandika. Anajua kwamba kila nyuzi 10 za joto la ziada hupunguza maisha ya insulesheni ya mota, yaani kihami cha nyaya zake, kwa karibu nusu, kwa hiyo kufuta vumbi kwenye mapezi ya mota ndani ya chumba cha kompresa chenye paa la bati, mwezi wa Februari, ni matengenezo makubwa kuliko yanavyoonekana. Anaweka grisi kwa kipimo, kwani iliyozidi nayo huchemsha beringi. Kazi hii haina kelele wala mashine iliyotawanywa sakafuni ambayo bosi anaweza kuionyesha kwa wageni, na nadhani ndiyo sababu haionekani kuwa kazi.

Kwa orodha ya Desemba hii, ningetenga kwanza vinavyolika, vya kisheria na vinavyokufa kimya. Hivyo vifuate tarehe zao bila mjadala. Kwa vinavyobaki, kila jina liandikiwe sababu pembeni: joto limepanda kutoka ngapi hadi ngapi, tangu lini, mlio umebadilika vipi, oili imetoka na rangi gani. Jina lisilo na sababu lifutwe. Siku zitakazobaki wapewe mafundi kukaza boliti za misingi, kupima kama shafti zinalingana, na kujifunza kupasha beringi moto kabla ya kuifunga.