Wiki Nne Ughaibuni kwa Nyaraka za Ziwa: Tuombe Ufadhili, au Tuanzie Bujora?

Barua za wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliokaa Usambiro na Nassa kusini mwa Ziwa Viktoria haziko Mwanza. Ziko Birmingham, Uingereza, katika Maktaba ya Utafiti ya Cadbury ya chuo kikuu cha huko. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliipokea Nassa mwaka 1909, na kanisa lililotokana na kazi yao ndilo AICT (Africa Inland Church Tanzania) ya leo. Makaratasi yao yamehifadhiwa Wheaton College, nje kidogo ya Chicago. Mapadri Weupe, shirika la Kikatoliki, waliofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883 wana hifadhi yao Roma. Nyimbo za Kisukuma alizorekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1950 ziko katika maktaba ya muziki ya Rhodes University, Afrika Kusini.

Vyuo vyenye mikusanyo ya namna hii hutoa ufadhili mfupi wa utafiti, wa kuanzia wiki mbili hadi miezi michache. Hulipa nauli, malazi na posho, kwa sharti kwamba mtafiti akae kwenye chumba chao cha kusomea na atumie nyaraka zao. Yale, Marekani, ina taasisi nzima ya muziki wa ibada na maktaba ya teolojia yenye mkusanyo mkubwa wa umisionari uitwao Day Missions. Swali ni kama mtafiti wa Nyegezi, Kisesa au Nansio ana sababu ya kuufukuzia ufadhili huo.

Sababu ipo, na kubwa kuliko zote ni lugha. Katalogi nyingi za umisionari ziliandikwa na watu wasiojua Kisukuma wala Kikerewe. Jalada lililoandikwa "ngoma za wenyeji" linaweza kuwa na maneno ya wigashe (ngoma ya kuketi), bugobogobo (ngoma ya jembe) na nyimbo za bayeye (wacheza nyoka) yaliyochanganywa bila mpangilio. Msukuma akisoma mistari mitatu anajua huu ni wimbo wa jembe, ule ni wa ningi, yaani mtunzi wa nyimbo, anayemkejeli mpinzani wake. Mgeni anaweza kulishikilia jalada hilo wiki nzima asione tofauti. Mwenyeji pia anajua kwamba Muanza ya Wajerumani ni Mwanza na kwamba Bukerebe ni Ukerewe. Asiyejua hayo hutafuta "Sukuma" kwenye kompyuta, akapata majalada mawili, akarudi nyumbani akisema hakuna kitu. Tafuta kwa jina la misheni, la mtemi na la padri aliyekuwapo. Kabila liwe la mwisho.

Upande wa pili ni hesabu ya muda. Wiki nne ni siku 20 za kazi. Siku moja huliwa na kitambulisho na maelekezo, nyingine mbili hupotea kwa sababu maboksi hutunzwa ghala la mbali na huagizwa mapema. Zikibaki siku 17, na ukapiga picha 300 kwa siku kwa uangalifu, bila mwanga wa kamera na kwa penseli tu mezani, utarudi na picha 5,100. Ni nyingi kwa macho, lakini boksi moja lililojaa linaweza kuwa na kurasa elfu moja. Umefungua maboksi matano. Kama shajara zenyewe ni za Kifaransa cha mkono cha karne ya 19, kasi ya kusoma hushuka hadi kurasa chache kwa saa. Majalada yenye habari za watu binafsi hufungwa kwa miongo mingi, na sauti zilizo kwenye tepu haziguswi mpaka zihamishiwe kwenye kompyuta, kazi inayoombwa wiki kadhaa kabla.

Halafu fedha. Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwenye posho ya utafiti anayolipwa mgeni, au asilimia 14 akiwa na viza ya J (ya wageni wa kubadilishana masomo na utafiti), na Tanzania haina mkataba wa kodi nao wa kumpunguzia. Dola 3,000 za kwenye barua hugeuka 2,580 mkononi, kwa kiwango kile cha chini. Viza ya J-1 pia hudai bima ya afya ya dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Vyuo vingine hurejesha fedha baada ya risiti, maana yake tiketi unainunua wewe kwanza. Kwa mhadhiri msaidizi hilo ndilo linaloua safari. Uliza kabla ya kuomba: mnalipa mapema au mnarejesha?

Lakini kuna pingamizi linalotusumbua kuliko fedha. Mikusanyo hii inaona ibada na sanaa yetu kwa jicho la aliyekuja kuibadilisha. Ubatizo, jengo jipya na kwaya vimepigwa picha. Mganga na ngoma yake wanatokea kwenye malalamiko. Ukiandika kutoka huko peke yake utaandika historia ya wamisionari. Ushahidi wa pili uko hapa. Pale Bujora, penye parokia na makumbusho ya Wasukuma huko Kisesa, Padri David Clement wa Mapadri Weupe aliingiza alama za Kisukuma ndani ya kanisa lenyewe, na tamasha la Bulabo bado linaunganisha sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni na mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani wa jadi. Karatasi za Hans Cory, mtafiti wa mila wa serikali ya kikoloni aliyeandika hata juu ya michoro ya ukutani ya bayeye, ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko ni nauli ya basi tu. Na tusisahau Aniceti Kitereza, katekista wa Ukerewe: riwaya aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 ilingoja zaidi ya miaka thelathini kuchapishwa, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe.

Maoni yetu: omba, lakini omba mwisho, si mwanzo. Ombi linaloanguka husema "nitachunguza historia ya Ukristo Usukuma". Linalopita hutaja majalada matano kwa namba zake, miaka kumi tu, swali moja (tuseme, lini kwaya za Nassa ziliacha tenzi zilizotafsiriwa zikaanza kutunga zake), na linaonyesha kwamba mwombaji amekwisha kumaliza Bujora na Dar. Mwandikie mkutubi miezi mitatu kabla. Wengi hujibu, na jibu lake likiambatishwa lina uzito.

Suala la nakala ndilo tusilolikubali kirahisi. Fomu unayosaini siku ya kwanza kwa kawaida huruhusu picha kwa matumizi yako tu. Kuziweka maktaba ya SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Nyegezi) au kumpa mtunza makumbusho Bujora ni ruhusa nyingine, na kuzichapisha ni ya tatu. Iombe ya pili kwa maandishi kabla ya kupanda ndege, ungali na nguvu ya kukataa. Ukishasaini, unaomba hisani.

Na kuna jambo ambalo wafadhili wangelifanya kesho wakitaka: kulipia safari ya kuja huku. Kwaya za Mwanza, AIC Makongoro ikiwa mojawapo, ziliimba miaka mingi kwenye kaseti, na kaseti huharibika kwa joto na ukungu kabatini. Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuihamisha, haina njia ya mkato. Siku zile zile 20, saa sita kwa siku, ni kaseti 120.