Dola milioni 19 kwa maili 2.7: njia ya baiskeli ya mto Potomac na hesabu inayokosewa

Oktoba 2012 Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ilifungua tena kipande cha njia kando ya mto Potomac, jimboni Maryland, mahali panapoitwa Big Slackwater. Urefu wake ni maili 2.7, yaani kilomita nne na ushei. Gharama ilikuwa takriban dola milioni 19. Hapapiti gari hapo. Wapitao ni waenda kwa miguu na wapanda baiskeli, na wengi wao wako matembezini tu. Mtu akiisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hushtuka, na kushtuka kwake si kosa. Ni takriban dola milioni 7 kwa kila maili, tena huko mashambani, kwenye ukingo ambao mto umeshaubomoa mara kadhaa.

Mimi naona fedha hizo zilikwenda panapostahili. Lakini wanaozilalamikia si watu wa kubezwa, na sehemu ya hoja yao itabaki imesimama hata baada ya kusema yote niliyo nayo.

Njia yenyewe ni masalia ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, uliochimbwa kuanzia 1828 hadi 1850 kutoka Georgetown, Washington, mpaka Cumberland. Ni maili 184.5, karibu kilomita 297. Mashua za makaa ya mawe zilivutwa kwa kamba na nyumbu, chotara wa punda na farasi, waliotembea ukingoni, na ukingo ule waliokanyaga nyumbu ndio leo njia ya baiskeli. Mafuriko ya 1924 yaliumaliza mfereji kibiashara. Miaka thelathini baadaye ilitaka kujengwa barabara ya magari juu yake, na gazeti la Washington Post likaunga mkono. Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu akawaalika wahariri watembee naye kwa miguu toka Cumberland hadi mjini, Machi 1954, wajionee wenyewe. Waliomaliza mwendo wote walikuwa tisa. Gazeti lililegeza msimamo, barabara haikujengwa, na mwaka 1971 mfereji ukawa hifadhi ya taifa.

Faida ambayo mpanda baiskeli aliirithi kwa nyumbu haizungumzwi inavyostahili. Mnyama anayevuta mashua yenye shehena ya makaa hawezi kupandishwa vilima, kwa hiyo wahandisi walilaza njia yote bapa, kisha kupanda kukafanyika kwenye malango ya maji peke yake, yaani vyumba vya mawe ambavyo maji yake huinua au kushusha mashua. Malango yako 74, na kutoka Georgetown hadi Cumberland unapanda futi 605 tu, kama mita 184. Maana yake ni kwamba unaendesha maili kadhaa tambarare, unafika kwenye lango la mawe, unakanyaga kimwinuko kifupi cha mita mbili na nusu hivi, halafu ni tambarare tena. Ukisimama langoni utaona mawe yamechimbika mifereji midogo ya kamba, laini kama imepigwa msasa. Mtoto wa miaka kumi aliyezoea baiskeli anaimudu njia hii. Mzee wa miaka sabini anaimudu. Magoti mabovu yanaimudu. Ni njia chache sana duniani za urefu huu ambazo unaweza kusema hivyo.

Sasa tuje Big Slackwater. Hapo majabali yanashuka hadi mtoni, na wajenzi, ambao fedha zilikuwa zinawaishia, hawakuchimba mfereji. Waliziachia mashua ziingie mtoni penyewe, kwenye maji yaliyotulizwa na bwawa namba 4, na nyumbu wakachongewa ujia chini ya jabali. Ukiangalia mahali palivyo unaelewa mara moja kwa nini ujia ule haukudumu: jabali upande mmoja, mto upande wa pili, na hakuna pa kukimbilia. Baada ya mafuriko ya 1996 pakafungwa. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano aliyefika hapo alikuta kizuizi, na kibao kikimwelekeza akazunguke kwa barabara za mashambani, nyembamba, zenye kona na vilima, zisizo na bega, yaani ukanda wa pembeni wa barabara, la kujiegemeza gari likija. Mwaka 2012 ndipo ulipokamilika ujia mpya wa zege juu ya maji.

Wapinzani wana hoja tatu nzito. Kwanza, hifadhi hii hupata wageni zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, lakini wengi wao hawaendi mbali. Wanajazana upande wa Washington, Georgetown na Great Falls. Wanaofika maili ya 85, ilipo Big Slackwater, wakiwa na mizigo pembeni mwa baiskeli ni wachache. Pili, mto huu una tabia yake: 1924, 1936, 1972, 1985, na 1996 mara mbili. Kujenga ukingoni mwake ni kujiandikia deni la ukarabati. Tatu, na hii ndiyo inayonigusa zaidi, mwanakijiji anayekwenda kazini kwa baiskeli hapiti chini ya jabali. Anapita barabara ile ile ya mchepuo, na bega lake bado halijajengwa.

Hoja ya tatu ina mizizi mirefu. Tangu miaka ya 1970 John Forester, mhandisi wa California, aliwafundisha wapanda baiskeli kwamba baiskeli ni chombo cha barabarani na mwendeshaji wake ajichukulie kama dereva, ashike nafasi yake, asikubali kusukumwa pembeni. Wafuasi wake waliziona njia za pekee kama mtego: ukishapewa yako, dereva atakuambia ondoka kwenye yangu. Hofu hiyo si ya kubuni. Yeyote aliyewahi kupigiwa honi na kuonyeshwa kidole kuelekea njia ya pembeni anaijua.

Hata hivyo fundisho hilo lina mtu wake linayemfaa: mwenye miguu ya nguvu, roho ngumu na mazoezi ya miaka. Mwaka 2006 Roger Geller, mratibu wa baiskeli wa jiji la Portland, aliwagawa wakazi wa jiji lake katika mafungu. Wasioogopa lolote hawakufika asilimia 1, waliojiamini kiasi walikuwa asilimia 7, na asilimia kama 60 wangependa kuendesha lakini wanaogopa magari. Yalikuwa makadirio ya mtu anayeijua kazi yake, hayakuwa sensa, na si vyema kuyabeba kama msahafu. Lakini umbo lake nadhani kila mtu analitambua akiangalia ndugu zake mwenyewe. Ni wangapi wangekubali kuendesha baiskeli barabarani na malori nyuma yao? Na ni wangapi wangekubali kando ya mto, chini ya miti, bila gari hata moja?

Hapo ndipo hesabu ya dola milioni 7 kwa maili inapokosewa. Anayegawanya kwa 2.7 anahesabu kana kwamba kilichonunuliwa ni maili 2.7. Daraja la mita mia likikatika mita tatu katikati, fundi hatozi bei ya mita tatu, na mvukaji hakosi mita tatu. Kwa kijana hodari, mchepuo ulikuwa usumbufu wa muda mfupi na jasho kidogo. Kwa wazazi walioanza safari na mtoto anayejiendeshea kibaiskeli chake, kibao kile kilikuwa mwisho wa safari. Waliotaka kwenda Williamsport, Hancock au Cumberland walikuwa na uchaguzi wa kumpeleka mtoto kwenye kona zisizo na bega, au kutafuta gari, au kurudi. Njia iliyoitwa ya maili 184.5 ilikuwa hivyo kwa watu wa aina moja tu.

Zigawanye zile milioni 19 kwa 184.5 na unapata takriban dola 103,000 kwa maili. Halafu kumbuka kwamba mwaka 2013, miezi michache baada ya Big Slackwater kufunguliwa, ilikamilika njia ya Great Allegheny Passage, maili 150 kutoka Cumberland hadi Pittsburgh, juu ya reli za zamani. Kwa hiyo leo mtu anatoka Pittsburgh hadi Washington, zaidi ya maili 330, akiwa mbali na magari karibu mwendo wote. Ukigawanya kwa urefu huo, unashuka chini ya dola 57,000 kwa maili. Nakubali kwamba mgawanyo huu nao una upendeleo, kwa sababu sehemu za huku na huku zilikuwa zikitumika hata ujia ulipofungwa. Thamani ya kweli iko katikati. Lakini iko mbali sana na milioni 7.

Kuhusu uchache wa watu, ndiyo, wageni wa Georgetown ni wengi kuliko wa maili ya 85. Ila mgeni wa Georgetown hunywa kahawa yake na kurudi nyumbani jioni ile ile. Msafiri wa baiskeli halali kwake. Anakula sana, anahitaji tyubu, anataka kitanda kikavu baada ya siku ya matope, na hayo yote anayanunua kwenye vijimji ambavyo makaa na reli viliviacha. Usiku mwingine hulala kwenye kambi ndogo za hifadhi, zenye meza, choo na pampu ya mkono ambayo maji yake hutiwa ayodini na ladha yake huisahau polepole. Asubuhi anafika mjini na njaa. Mgeni kama huyo hawezi kufika Hancock kama njia imekatikia kwenye jabali.

Hoja ya mafuriko siwezi kuipangua. Maji yatarudi, na zege pia huchoka. Ninachoomba ni kwamba siku hiyo ikifika, wahandisi wasianze na bei ya mita zilizobomoka. Waanze kwa kuangalia kama mchepuo unapitika na mtoto wa miaka kumi. Usipopitika, hifadhi nzima imekatwa vipande viwili, na bajeti ihesabiwe kwa ukubwa huo. Na zile barabara za mchepuo zipewe bega lake kwa bajeti ya barabara, bila kungoja mafuriko, kwa ajili ya wale wanaozipita kila siku kwenda kazini.