Mwanga Mkali, Mwili Mdogo: Bishano la Nyota Linaloshukia Ngomeni

Wengi wetu hapa Malindi tukisikia San Marco tunawaza roketi, na ni haki yetu. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka lile jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya Ngomeni. Moja iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, nayo ikaitwa Uhuru. Roketi zilikwisha zamani, lakini antena hazikukoma. NuSTAR, darubini ya Marekani iliyo angani tangu 2012 ikitazama eksirei kali, hutumia Malindi kama kituo chake kikuu cha kushushia data, kisha data hizo hupelekwa Berkeley, California. Kwa hiyo bishano mojawapo kali la astronomia ya miaka hii limekuwa likitua Ngomeni kabla ya kuwafikia wanaobishana wenyewe.

Bishano linahusu vyanzo vya eksirei vilivyo katika galaksi nyingine, vyenye ukali uliopita kiasi. Havikai katikati ya galaksi, ambako ndiko kwenye mashimo meusi (vitu vyenye mvuto mkali hata mwanga hauponyoki) yenye uzito wa mamilioni ya Jua. Vimetawanyika pembeni, miongoni mwa nyota za kawaida. Vilianza kutambuliwa baada ya darubini ya Einstein kurushwa 1978, na orodha iliyochapishwa 2022 ina zaidi ya 1,800 katika galaksi zaidi ya 900, ingawa baadhi yake bado ni watuhumiwa tu. Ili kiingie kwenye orodha hiyo, chanzo kinapaswa kutoa, kwa eksirei peke yake, nishati inayopita mara 250,000 ya mwanga wote wa Jua letu.

Ugomvi unatokana na hesabu ya Mwingereza Arthur Eddington. Gesi inapoangukia kitu kizito kama shimo jeusi hupata joto na kuwaka, na mwanga wake husukuma gesi nyingine inayokuja nyuma. Mwanga husukuma elektroni, elektroni huburuta protoni, na hatimaye msukumo wa nje hulingana na mvuto wa ndani. Hapo mlo unakatika. Kikomo hicho hutegemea uzito wa mlaji: kwa kila uzito wa Jua moja, mlaji hapaswi kung'aa kupita takriban mara 33,000 ya mwanga wa Jua. Sasa chukua chanzo kinachong'aa kama Jua milioni 26. Ukiifuata hesabu hiyo bila kuuliza swali, mlaji wake lazima awe na uzito wa Jua kama 800.

Hoja ya kambi ya kwanza ilizaliwa hapo, na haikuwa hoja ya kipuuzi. Mashimo meusi yanayotokana na kufa kwa nyota huwa na uzito wa makumi ya Jua. Yale ya katikati ya galaksi yana mamilioni. La kwetu lina takriban milioni 4. Ya kati, yenye mamia au maelfu, yalikuwa hayaonekani, na bila hayo ni vigumu kueleza makubwa yalikuaje. Vyanzo hivi vilionekana kuliziba pengo lile lile, tena bila kubuni fizikia mpya. Kwa miaka mingi mtu aliyetafuta mashimo ya kati alianzia hapa.

Kambi ya pili ilisema tunadanganywa na ukali. Mvuvi anayerudi usiku akiona taa mbele yake hajui mara moja kama ni karabai kubwa inayomwaga mwanga pande zote au ni tochi ndogo iliyoelekezwa usoni pake. Sisi tunapima mwanga unaotufikia, kisha tunazidisha tukidhani unakwenda pande zote sawasawa. Kama umebanwa kwenye faneli na faneli imeelekea kwetu, hesabu yote imevimba. Tena kikomo cha Eddington kinadhani gesi inaanguka kutoka kila upande. Gesi halisi huzunguka kama sahani, na tangu 1973 Warusi Shakura na Sunyaev walionyesha kwamba sahani iliyolishwa kupita kiasi hupuliza ziada yake nje kama upepo na kuendelea kula.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mambo yalikaa hivyo mpaka Januari 2014. Mwezi huo mwalimu na wanafunzi wake katika University College London waliona supanova mpya, yaani mlipuko wa nyota, kwenye galaksi ya M82, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12. Darubini nyingi ziligeuzwa kuitazama, NuSTAR ikiwamo. Katika data hizo Mwitaliano Matteo Bachetti na wenzake walikuta jambo ambalo halikuhusu supanova hata kidogo: chanzo jirani, M82 X-2, kilikuwa kinapiga kama mshipa, kila baada ya sekunde 1.37.

Shimo jeusi haliwezi kupiga hivyo, kwa kuwa halina uso wala sumaku yake yenyewe iliyofungwa mahali pamoja. Mapigo ya namna hiyo ni ya nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichogandamana cha nyota iliyokufa, inayozunguka, gesi ikielekezwa na sumaku hadi kwenye ncha zake. Nyota ya aina hii huwa na uzito kama wa Jua moja na nusu, na ukiilaza hapa upana wake hautavuka sana safari ya Malindi hadi Watamu. Hata hivyo ilikuwa iking'aa kama mamilioni ya Jua, mara 100 hivi ya kikomo chake. Wembamba wa reli, treni hupita.

Mapigo haya ni mbinu ambayo pwani hii ina historia nayo. Mwaka 1971 setilaiti ya Uhuru ndiyo iliyogundua kwamba Centaurus X-3 hupiga kila sekunde 4.8, na kutokana na chanzo hicho ikaanza kueleweka kwamba eksirei hizi hutoka kwa nyota ndogo nzito inayoinyonya gesi ya nyota mwenzake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ngomeni haikuchaguliwa kwa uzuri wa ufuo. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hulikwepa kwa kiasi kikubwa eneo la Atlantiki ya kusini ambako chembe za mionzi hushuka chini na kujaza vipimo vya eksirei kelele. NuSTAR nayo huzunguka karibu na ikweta, na ndiyo maana hupita juu yetu mara kwa mara.

Baada ya M82 X-2 walifuata wengine. NGC 7793 P13 hupiga kila sekunde 0.42. Kilichonishangaza zaidi ni chanzo cha NGC 5907, kilichotangazwa 2017: kwenye kilele chake kinafika karibu mara 1,000 ya kikomo cha nyota ya nyutroni. Kwa kanuni ya zamani tungekipa shimo jeusi la kati bila kusita, na kumbe ni kitu cha uzito wa Jua moja na kitu. Kuanzia hapo sioni namna ya kutetea tena kanuni ya kwamba ukali ni ushahidi wa uzito. Imekufa kama kanuni, hata kama baadhi ya waliokuwa wakiitumia watakuja kuonekana wamesema kweli kuhusu chanzo kimoja kimoja.

Lakini ushindi huo ulizaa ugomvi mwingine, na huu ndio ninaouona mzito zaidi. Je, nyota ya nyutroni inakivunja kikomo kweli, au ni ile faneli tu? Andrew King na Jean-Pierre Lasota ni miongoni mwa wanaotetea faneli. Kwao kikomo hakijavunjwa kwa kiasi kikubwa. Upepo mzito umejenga kuta kuzunguka nyota na mwanga unatoka kwa juu. Wana ushahidi wa kuwaunga mkono. Mwaka 2016 darubini ya XMM-Newton ilionyesha gesi ikikimbia kwa takriban sehemu moja ya tano ya kasi ya mwanga kwenye vyanzo viwili vya aina hii, NGC 1313 X-1 na NGC 5408 X-1. Upepo upo. Kisha mwaka 2024 yakachapishwa matokeo ya IXPE, setilaiti nyingine inayotumia kituo cha Malindi, kuhusu Cygnus X-3 iliyo ndani ya galaksi yetu. IXPE hupima upolarishaji, yaani mwelekeo ambamo mawimbi ya eksirei hutikisika, na vipimo vilionyesha kwamba tunaitazama faneli kwa ubavuni. Aliye upande wa mdomo wa faneli, huko mbali, angeiona Cygnus X-3 kama mojawapo ya vile vyanzo vikali kupindukia.

Hata hivyo upande wa ukali wa kweli una silaha ambayo kwangu ni nzuri kuliko zote, kwa sababu haitegemei tumekaa wapi. Kuzunguka chanzo cha Holmberg II X-1 kuna wingu la gesi. Eksirei huipokonya heliamu ya wingu hilo elektroni zake, na heliamu inapozirudisha hutoa mwanga wake maalumu. Wingu limekizunguka chanzo, kwa hiyo linahesabu mwanga uliokwenda pande nyingi, si ule tu uliokuja kwetu. Hesabu ya wingu inakaribiana na hesabu yetu. Tochi haingeliwasha wingu lote hivyo.

Pia mapigo yenyewe ni laini, yanapanda na kushuka kwa upole. Mwanga uliogongagonga kuta za faneli nyembamba kabla ya kutoka ungetarajiwa kuyafuta mapigo, maana miale ingechelewa kwa viwango tofauti. Na mwaka 2022 Bachetti na wenzake walirudi kwa M82 X-2 wakiwa na vipimo vya miaka kadhaa. Nyota hiyo na mwenzake huzungukana kila siku 2.5, na mzunguko huo unafupika. Kutokana na kasi ya kufupika walikadiria kwamba mwenzake anapoteza gesi yenye uzito kama wa Dunia moja na nusu kila mwaka. Kiasi hicho kinatosha kuuzalisha ukali unaoonekana bila kuhitaji faneli kali.

Watetezi wa faneli hujibu kwamba gesi iliyoondoka kwa mwenzake si lazima iwe imetua juu ya nyota. Huenda sehemu kubwa ilipeperushwa njiani. Jibu hilo ni la haki na halijafungwa. Mzunguko unaweza kufupika kwa sababu nyingine pia. Ila naona linazidi kuwa jibu la kujihami: kila kipimo kinachotafuta mwanga halisi bila kutegemea pembe yetu kinaelekea kusema kwamba mwingi upo kweli. Sumaku kali inaweza kusaidia kueleza, kwa kuwa hupunguza uwezo wa mwanga kuzisukuma elektroni na hivyo kukiinua kikomo. Tatizo ni kwamba hatujapata makubaliano kuhusu ukali wa sumaku hizo. Kwenye M51 ULX-8 kilipatikana mwaka 2018 kipande cha mwanga kilichoondolewa na chembe zinazozunguka ndani ya sumaku. Kama chembe hizo ni protoni, sumaku ni kali ajabu. Kama ni elektroni, ni ya kawaida kwa nyota za nyutroni. Kipimo hicho kimoja kinabeba maana mbili zilizopishana mno.

Kambi ya mashimo ya kati nayo isizikwe ingali hai. Chanzo cha HLX-1 katika galaksi ESO 243-49, kilichotangazwa 2009, hufika takriban mara 10 ya kilele cha NGC 5907. Hata ukikipunguzia ukali kwa faneli ya wastani, bado kinadai mlaji mzito, na waliokigundua walikadiria si chini ya Jua 500. M82 X-1, jirani wa yule mdundaji, kilikadiriwa 2014 kuwa na Jua kama 400 kutokana na mitetemo ya mwanga wake, ingawa makadirio ya namna hiyo hutegemea kufananisha na mashimo madogo tunayoyajua. Mashimo ya kati yapo, mawimbi ya mvuto ya 2019 (mitikisiko ya anga yenyewe vitu vizito vinapogongana) yalituonyesha moja la Jua 142 likizaliwa. Swali ni kama vyanzo hivi ndimo yanamojificha, na kwa vingi naona jibu ni hapana.

Mtu wa Ngomeni anayesoma haya atauliza faida yetu iko wapi. Kituo ni cha Waitaliano kwa mkataba na serikali ya Kenya, na mgawo wa mapato yake umelalamikiwa magazetini kwa miaka. Lakini upande wa sayansi mlango hauko kwenye mkataba. Data za NuSTAR huwekwa wazi kwenye hifadhi ya NASA, na mwanafunzi wa fizikia aliye Kilifi anaweza kuzipakua bila kumwomba mtu ruhusa, akiwa na intaneti ya kutegemewa na mwalimu anayejua kuzisoma. Mapigo ya NGC 5907 yalikuwamo kwenye data za XMM-Newton za mwaka 2003. Yalilala hifadhini zaidi ya miaka kumi kwa sababu hakuna aliyeyatafuta kwa hesabu iliyofaa; mzunguko unapobadilika haraka, mapigo hujificha.

Hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema kwamba vyanzo visivyopiga ni mashimo meusi kwa kuwa havijapiga. Vinavyojulikana kupiga ni vichache, lakini hata hivyo hupiga leo na kunyamaza kesho, na vingi vya mbali havitupi mwanga wa kutosha kutafutia. Wala sikubaliani na wanaovuka mpaka wa pili na kudai vyote ni nyota za nyutroni. Nikishinikizwa nitasema wengi wa walaji hawa ni wadogo, wanakula kupita kikomo kweli, na faneli inawaongezea ukali kwa mara chache tu, si kwa mara mia. Nitaibadili kauli hii akipatikana mdundaji aliyezungukwa na wingu la heliamu, na wingu hilo likahesabu mwanga mdogo mara mia kuliko tunaouona sisi.