Anayetaka Kuvua Papa Ufukweni Mtwara Aanze na Kumwachia

Miaka ya karibuni nimekuwa nikiulizwa swali moja na vijana wa hapa Mtwara mjini, wengi wao wafanyakazi wa ofisini na wanafunzi ambao hawajawahi kupanda ngalawa: mtu akitaka kuvua papa akiwa amesimama ufukweni, aanzie wapi? Wanatarajia niwatajie unene wa mshipi, ukubwa wa ndoana na aina ya chambo. Hayo nitayataja, lakini jibu langu huanzia mwishoni. Asiyejua atamfanya nini papa atakapofika miguuni pake hajawa tayari kutupa ndoana, hata kama amenunua vifaa vyote.

Nasema hivyo kwa sababu papa wangu wa kwanza alikufa mikononi mwangu. Ilikuwa Msangamkuu, ng'ambo ya bandari, jioni ya maji kujaa. Alikuwa papa mdogo wa mwambani mwenye ncha nyeusi kwenye mapezi, hakuzidi meta moja. Kwa furaha nilimburuta hadi kwenye mchanga mkavu, nikamshika mkia, nikamwinua ili rafiki yangu anipige picha, kisha nikamrudisha majini nikidhani nimetenda wema. Aligeuka tumbo juu. Nilimsukuma mara kadhaa, hakuogelea tena. Babu mmoja aliyekuwa akikunja nyavu zake karibu nasi aliniuliza kama nilikuwa nimemtaka kwa kitoweo. Nilipomjibu kwamba sikumtaka kwa kitoweo, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi ungemkata mshipi angali majini, mjukuu wangu."

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Papa hana mifupa. Kiunzi chake ni gegedu, na viungo vyake vya ndani, hasa ini lake kubwa, hubebwa na maji yanayomzunguka. Ukimwinua kwa mkia, uzito wote huo huning'inia mahali ambapo hapakuumbwa kuubeba. Aina nyingi hupata hewa kwa kuogelea mbele ili maji yapite kwenye matamvua, kwa hiyo kila dakika anayolala mchangani ni dakika ya kukosa pumzi, tena baada ya mapambano yaliyokwisha kumchosha. Papa mwenye kichwa cha nyundo ndiye dhaifu kupita wote katika jambo hili: anaweza kuondoka akiogelea vizuri machoni pako, halafu akafa saa chache baadaye kwa uchovu wa kuvutwa. Ukimtambua kwenye mshipi wako, ukate mapema, usimngoje afike.

Wapo watakaosema kwamba hapa kwetu papa ni chakula, na ni kweli. Papa mkavu aliyepikwa kwa nazi amelea familia nyingi kuanzia Kilwa Kivinje hadi Msimbati, na mvuvi anayetega jarife, wavu wa kunasia papa, ili watoto wake wasome sina neno naye katika makala haya. Ninayezungumza naye ni yule ambaye chakula chake cha usiku hakitegemei ndoana, anayekwenda ufukweni Jumamosi kwa ajili ya raha ya kuvutwa mshipi. Papa haongezeki upesi kama samaki wengine: samaki kama changu hutaga mayai kwa maelfu mengi, lakini papa yule wa kichwa cha nyundo huchukua mimba miezi 9 hadi 12 ndipo azae, na yule mnene anayeingia hadi kwenye midomo ya mito huzaa vitoto visivyozidi 13 hivi baada ya miezi 10 au 11. Papa wa kichwa cha nyundo waliwekwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 2013, na mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, ikaongezwa familia nzima ambayo ndani yake wamo papa wengi wa pwani yetu. Orodha hiyo inasimamia biashara ya kuvuka mipaka na haimkatazi mtu kuvua, lakini inatosha kumwonyesha anayevua kwa starehe kwamba hana sababu ya kuua.

Sasa vifaa. Ngozi ya papa ni msasa na meno yake ni wembe, kwa hiyo mshipi wa kawaida hukatika mara mbili: mdomoni, na ubavuni anapojigeuza. Karibu na ndoana weka waya wa chuma wa sentimita 50 hivi, halafu uunganishe na kipande cha mshipi mnene wa plastiki chenye urefu wa meta 2 au 3, yaani kirefu kuliko samaki unayemtarajia. Ndoana iwe ile ya duara, ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea shina lake. Ndoana hiyo hushika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni, ila haitaki kuvutwa kwa kishindo; papa akichukua chambo, mwache aondoke nacho, kaza mshipi taratibu, na ndoana itajishika yenyewe. Usinunue ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa ikilazimu kuiacha mdomoni inafaa iozwe na chumvi. Chambo cha kibua au kipande cha jodari chenye damu kinatosha kabisa.

Mimi hutumia fimbo yenye kigurudumu, lakini wengi hapa wanavua kwa mshipi wa mkono, na kwao nina onyo moja ambalo sitachoka kulirudia: vaa glavu, na usizungushe mshipi kwenye kiganja wala kiwiko hata kwa sekunde moja. Papa wa kilo 30 akigeuka ghafla, mshipi uliozungushwa mkononi unaweza kuondoka na kidole.

Kuhusu wakati, bahari yetu hupwa na kujaa kwa tofauti inayopita meta 3 siku za bamvua, yaani za maji makubwa, na hilo lina maana kubwa kwa samaki unayetaka kumrudisha. Ukivua maji yakipwa pale Shangani, utajikuta unamburuta juu ya miamba iliyoachwa wazi, ilhali maji yakijaa bahari inakufuata na samaki anarudi kwake kwa hatua mbili. Kwa anayeanza napendekeza siku za maji mafu, ambapo mkondo una nguvu kidogo. Asitupe ndoana mahali watoto wanapooga, na asimwage damu na matumbo ya samaki ufukweni ili kuita papa. Katika jimbo la Florida, Marekani, ambako uvuvi wa namna hii ni mkubwa, kumwaga chambo hivyo kutoka ufukweni kulipigwa marufuku kuanzia Julai 2019, na anayetaka kuvua papa akiwa nchi kavu sharti kwanza apate mafunzo na kibali. Natamani sana tungekuwa na mafunzo kama hayo hapa kwetu.

Msimbati kunavutia kwa kuwa kina kiko karibu na mchanga, lakini mahali pale pamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hivyo ofisi ya hifadhi iulizwe kwanza. Kwingineko pia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka leseni, na ni adabu kuwaona viongozi wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia ufukwe na uvuvi, kabla ya kusimama kwenye ufukwe wao. Mdomo wa Ruvuma usiku uachwe kabisa, kwa ajili ya viboko na mamba.

Papa anapofika maji ya magotini, kazi igawanywe kati ya watu wawili: mmoja ashike mshipi, mwingine asimame ubavuni mwa samaki, kamwe asiwe mbele ya mdomo, akiwa na koleo ndefu na kikata waya. Matamvua yabaki majini muda wote. Ndoana ikitoka kwa urahisi, itolewe. Isipotoka, waya ukatwe karibu nayo. Picha ipigwe samaki akiwa ndani ya maji, kisha aelekezwe kwenye kina na ashikiliwe kwa upole hadi mkia wake uanze kusukuma wenyewe.

Wanaoniuliza huwa nawaambia wafanye mazoezi ya hatua hizo kwa kolekole kwanza, msimu mzima, na mwenzao yule yule wa kushika mshipi. Kolekole huvuta kwa nguvu kuliko umbo lake, na koleo likiteleza mkononi, hakuna atakayejeruhiwa vibaya.